Hajati na Picha Zilizosimama

Hajati namkumbuka kwa kisogo. Miaka yote niliyoingia sebuleni kwake nilimkuta amenipa mgongo, mtandio umeteleza kidogo, uso umeelekea kompyuta na mkono wa kulia uko juu ya kibodi. Alikuwa akinikaribisha bila kugeuka.

"Nyabo, ingia. Lakini samaki iwache huko nje. Hii mashini hapana penda harufu."

Nyabo ndivyo watu wa Uganda wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, na mimi muuza samaki kutoka kambi ya wakimbizi nililipenda sana jina hilo. Nilikuwa nikinunua samaki wa ziwa Nakivale, nawakausha, nawapeleka Mbarara kwa wateja wangu wa nyumba kwa nyumba. Yeye alikuwa mteja wa mwisho, huko Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, na kwa kuwa alikuwa wa mwisho nilikuwa na ruhusa ya kuchoka kwake. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikuuliza. Naye hakuniuliza yangu, na kwa mkimbizi hiyo ni adabu kubwa kuliko salamu.

Marehemu mumewe alikuwa mpiga video wa harusi. Alipofariki alimwachia mkewe kamera, masanduku ya kanda na kompyuta yenye kioo kilichofura nyuma. Kamera Hajati aliikodisha, na video zilizopigwa nayo zilitolewa nakala nyumbani kwake. Kompyuta aliikalia mwenyewe. Akaanza kazi ambayo mjini hapo sikusikia mwingine akiifanya kwa moyo kama wake: alisimamisha video na kutoa ndani yake picha za kawaida, za kushika mkononi.

Wateja wake walikuwa watu waliopatwa na aibu. Mpiga picha wa harusi yao filamu yake iliungua, au alilewa, au aliwapiga picha matajiri tu na kumsahau mama wa bibi harusi. Siku hizo simu za kupiga picha zilikuwa za wachache. Basi watu walikuja na kanda mkononi na sura zimewashuka, wakaketi kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, wakaomba Hajati awatafutie humo ndani harusi yao. Walitoka wakicheka. Ndiyo maana nilipenda kukaa kwake, kwa sababu kambini hatukuwa na nyumba nyingi ambazo watu huingia wamenuna na kutoka wanacheka.

Hapa niseme mapema jambo langu, msomaji asije akadhani nasimulia habari za majirani tu. Tulipokimbia kutoka Kivu ya Kusini tulitawanyika njiani. Mimi na mama tulifika Nakivale, tukapewa kiwanja Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi. Kaka yangu Murhula hakufika. Miaka ikapita. Ndugu wakamshauri mama aweke kilio, watu waje wakae, wale, jambo lifungwe. Mama alikataa katakata. Kanisani, wakati watu wanapotaja marehemu wao na wasafiri wao ili waombewe, mama alimtaja Murhula kwenye wasafiri kila Jumapili, na mchungaji alikuwa ameshazoea hata anamsubiri. Picha ya kaka hatukuwa nayo hata moja. Mimi nilikuwa nimeanza kusahau pua yake, na hilo sikuthubutu kumwambia mama.

Turudi kwa Hajati. Kazi yake ilikuwa ya subira kuliko nilivyodhani. Mimi niliamini unasimamisha tu video, basi, picha hiyo hapo. Kumbe video za miaka ile ukizisimamisha mtu akiwa katika mwendo, anatoka mistari mistari, kama umemchana kwa kitana. Hajati mistari hiyo aliiita "meno."

"Huyu iko na meno," anasema, anabonyeza kitufe, video inasogea kidogo tu, kama upepesi wa jicho. "Bado meno." Anabonyeza tena.

Nilimwuliza anajuaje pa kusimama.

"Hata mwenye kucheza anasimama," alinijibu. "Mkono inapanda, inafika juu, kabla ya kushuka inasimama kidogo sana. Wewe ngoja yeye hapo. Usimfukuze. Yeye mwenyewe anakuja."

Nikawa namtazama akiwangojea watu. Aliwangojea mabibi harusi wamalize kupepesa macho. Aliwangojea wazee waache kuzungumza, maana mtu anayezungumza akisimamishwa hufanana na mtu aliyeumwa jino. Maharage yaliungua jikoni, nilinusa mimi nikaenda kuyaepua, yeye bado anamngojea shangazi fulani afumbe mdomo.

Si kwamba alikuwa mpole. Subira yake yote ilikwenda kwa watu wa ndani ya kioo, sisi wa nje tulibakiwa na makombo. Ole wako uguse kioo kwa kidole ukisema "yule pale!"

"Kidole yako ilikula matoke," anafoka, "sasa nataka kula kompyuta yangu!"

Umeme ukikatika, kile kisanduku cha betri kilichokuwa chini ya meza kilianza kulia, naye alikigombeza kwa Kinyankole, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha sala, kama kwamba ndicho kilichokata umeme. Mteja aliyechelewa alipewa vidonge vyake mlangoni. Kisha huyo huyo aliyetukanwa anawekewa chai ya tangawizi na kubembelezwa anywe kikombe cha pili.

Mwanzoni hakuijua kazi. Alipenda kunisimulia mwenyewe. Alikuwa akisimamisha video, anabonyeza kile kitufe cha kunasa kila kilichoko kwenye kioo, halafu anafungua picha yake. Anakuta saa iko, vitufe viko, jina la kanda liko, lakini pale alipopaswa kuwa bibi harusi pana boksi jeusi tupu. Akarudia, jeusi. Akabadilisha harusi, jeusi. Akaamua kompyuta ina shetani. Akaifuta kwa maji ya marashi, akaisomea Ayatul Kursi, akajaribu tena kwa bismillahi, na boksi likatoka jeusi zaidi, kwa maneno yake.

"Nikasema, basi, hii shetani imesoma chuo!"

Mwisho mtu wa duka la intaneti alimwonyesha kwamba ile programu ya kuchezeshea video ina kitufe chake yenyewe cha kutoa picha, na ndicho cha kutumia. Kilikuwa hapo hapo mbele ya macho yake, kidogo kama punje ya mtama. Hajati alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mcheshi hivyo, wa kujicheka yeye kwanza kabla hujapata nafasi ya kumcheka.

Alikuwa na masharti yake. Picha ya mtu anayetafuna hatoi. Mtu anayelia hatoi, hata kama ni machozi ya furaha. Mwanamke ambaye nguo imemteleza begani hatoi, na hata ukilia mbele yake hatoi. Masharti hayo aliyalinda kama udhu wake, kisha siku moja akayavunja mbele yangu bila haya. Alikuja chairman wa kijiji kimoja, mtu wa tumbo na heshima zake. Katika video nzima ya harusi ya mwanawe alionekana mara moja tu, ameshika paja la kuku, mashavu yamejaa.

"Hajati, hiyo hiyo," akasema chairman. "Watoto wangu watajua baba yao alikula kwa harusi ya kijana yake."

Hajati alimtazama, akatazama kuku, akaitoa. Mimi nikamkumbusha sharti lake.

"Huyu hapana kula," akanijibu. "Huyu nafurahi."

Alikuwa mcha Mungu, sala zake tano hazikumpita, na wakati wa sala alizima sauti ya kompyuta hata kama ni katikati ya ngoma. Lakini kwaya za wakimbizi zilikuwa zikimletea kanda zao ili awatolee picha za majalada ya CD, na kwa kuangalia wimbo mmoja siku nzima, mbele na nyuma, alikuwa anajua nyimbo zetu za Yesu kuliko waimbaji wetu wa sauti ya tatu. Nilimkuta siku moja anachambua mchele huku anaimba wimbo wa kwaya ya kijiji chetu, tena na kibwagizo. Nilipocheka alinyamaza ghafla.

"Mungu iko moja," akasema kwa ukali. "Na nyie banakwaya munachelewa kuingia kwa sauti. Mimi nasikia."

Alichukia matumizi makubwa ya harusi. Kila keki ya ghorofa ilimpa hotuba. Halafu anaisimamisha, anaisogelea, anauliza kwa sauti ndogo, keki hiyo ya juu kabisa walimpa nani.

Lakini sharti lililo kubwa kuliko yote, lile lililonifanya nimchukie kwa miezi kadhaa, sikulijua mpaka liliponigonga mimi mwenyewe.

Fundi cherehani wa jirani yetu Kashojwa alishona magauni ya wasindikizaji wa harusi moja ya Isingiro, na wenye harusi wakampa nakala ya video. Jumapili baada ya ibada akatuita tuone kazi ya mikono yake. Tulijaa nyumbani kwake, watu wamekaa mpaka juu ya gunia la vitambaa. Yeye kila mara anasema "angalieni ile mikunjo, angalieni," na sisi tunaangalia. Mama alikaa mbele kwa sababu ya macho yake. Baada ya keki kukatwa, wakati kamera inazunguka nyuma ya watu, mama alisimama.

"Rudisha nyuma!"

"Mama, mbele njo kuko magauni mingi," fundi akamwambia, yaani magauni mengi ndiko yaliko.

"Rudisha nyuma, nakuambia! Ule mutoto ni wangu!"

Fundi alirudisha. Alipita mwanamume amebeba benchi begani, akatokea, akapotea. Mimi sikuona zaidi ya shati. Mama alikuwa anarudia kwamba huo ndio mwendo wa Murhula, kwamba tumbo lililomzaa haliwezi kudanganywa na shati. Watu walimtazama kwa huruma, ile huruma inayosema kizee kimechanganyikiwa. Mimi nilichukua kile kijalada cha video nikasoma nyuma yake. Ilikuwa imetengenezwa Nyamitanga, nyumbani kwa Hajati.

Asubuhi nilikuwa kwake.

"Hajati, leo sikuleta samaki," nilimwambia. "Nimeleta maneno."

Aligeuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anageuka kabla hajamaliza picha aliyokuwa nayo. Nikamweleza yote, kukimbia, kaka, mama, benchi.

"Harusi gani?"

"Ile ya Isingiro, babinti balivaa zambarau. Kiisha keki kuko mwanaume anapita nyuma."

"Kale," akasema, yaani sawa, na akakaa vizuri.

Video kamili aliyokuwa nayo ilikuwa safi kuliko nakala ya fundi. Tulifika kwenye keki. Kamera ikazunguka. Mlango wa chuma wa buluu ukafunguka, mwanamume akatoka na benchi begani, uso umefichwa na mbao. Hajati akaanza kubonyeza. Meno. Meno tena. Yule mtu anapita, anainama, anaweka benchi, mgongo tu. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Kisha yule mtu aliinuka na kupangusa jasho, na mkono wake ulipofika kwenye paji la uso, kabla haujashuka, alisimama.

Pua yake yote ilinirudia kwa mara moja. Na lile sikio lililokunjika juu, na jinsi anavyofungua mdomo kidogo akichoka.

"Njo yeye!" nililia. "Hajati, njo yeye! Mungu wangu, iko muzima!"

"Alhamdulillahi," akasema Hajati, na akanishika goti. "Alhamdulillahi, nyabo."

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nivuke mpaka. Kisha nikapangusa macho nikasema, "Toa hii picha. Nitapita nayo kila fasi, nitaonyesha bantu bote mpaka nimupate."

Akaondoa mkono kwenye kibodi.

"Hapana."

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia.

"Nimesikia. Hapana. Hii uso si yako. Mwenye uso hapana sema ndiyo."

"Ni kaka yangu! Tumbo moja!"

"Najua. Lakini sikiza. Huyu iko na miguu. Isingiro na kambi yenu si mbali. Kwa nini yeye hapana kuja?"

"Labda hajui kama tuko pale."

"Labda hajui. Labda anaogopa kitu. Wewe unajua?"

Sikujua.

"Basi wewe utapita na uso yake, utauliza huyu, utauliza yule. Mwingine atasikia. Picha hapana jua nani natafuta kwa wema, nani natafuta kwa ubaya. Inaonyesha tu."

Halafu akafanya jambo lililonitia wazimu. Alirudisha video nyuma, pole pole, mpaka kaka yangu akarudi kinyumenyume, akaingia na benchi lake, mlango ukabaki peke yake. Hapo akatoa picha. Mlango wa buluu umeliwa na kutu chini, ukuta umepigwa lipu nusu, na tangi jeusi la maji juu ya matofali. Akaichapa kwenye karatasi nzuri, ya kung'aa, akanipa.

"Tafuta mlango," akasema. "Mlango hapana kimbia."

Nilimpa maneno. Nilimwambia kwamba angekuwa mtoto wake angechapa mpaka wino uishe. Nilimwambia kwamba roho yake imekauka kwa kukaa na watu wasiopumua. Hakunijibu hata neno. Niliondoka sikunywa chai, na hasira ile sijutii mpaka leo, ilikuwa haki yangu. Umemwona ndugu yako ana uhai, halafu unatumwa nyumbani na picha ya mlango!

Baadaye sana jirani yake ndiye aliyenieleza. Zamani kidogo alikuja kwa Hajati mwanamume mtulivu, ana machozi, anamtafuta binti yake aliyeonekana kwenye video ya harusi. Hajati alimhurumia, akamtolea picha nzuri ya yule msichana. Kumbe hakuwa baba. Alikuwa mume ambaye msichana alimkimbia kwa kipigo. Picha ilimfikisha mpaka mlangoni kwa shangazi yake msichana, na lau majirani wasingetoka na fimbo, mambo yangekuwa mengine. Msichana alipona na akahamishiwa mbali. Lakini Hajati alikaa wiki nzima hakuwasha kompyuta, na alipoiwasha alikuwa na sharti jipya.

Nilipofika nyumbani siku ile mama aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Murhula iko wapi?"

"Iko nyuma ya mulango, mama. Bado hajatoka."

Nilisema hivyo kwa uchungu. Mama hakuona uchungu wowote. Aliibandika ukutani karibu na kalenda, na majirani walipomwuliza kwa nini ametundika mlango wa watu, aliwajibu, "Mutoto wangu atatokea hapo." Aliikabili akiwa anamenya mihogo. Niliinyakua tu siku za safari, na nikirudi aliidai kabla ya kunidai chumvi.

Nikawa natembea na mlango. Wateja wangu wa Mbarara waliutazama, wakacheka, wakasema milango ya buluu iko mingi. Nikahamia soko la Isingiro. Nikaona jambo ambalo sikulitegemea: watu walipenda kuulizwa habari za mlango. Ukiuliza mtu, Mnyankole, mwenyeji wa huko, atakuuliza wewe nani, unamtakia nini, amekukosea nini. Ukiuliza mlango kila mtu ni fundi. Huyu anasema hiyo ni ghala ya mahindi, mwingine anabisha, wa tatu anaitwa kuamua, wanasahau hata kuuza. Mwisho mama mmoja muuza mtama aliisogeza picha karibu na pua, akasema, "Hii tangi naijua. Hiyo ni kwa mwenye kukodisha viti na turubai, kule senta ya juu."

Nilipanda mpaka senta hiyo, safu ya maduka kando ya barabara. Mlango ulikuwepo, buluu, na kutu yake. Nje yake mwanamume alikuwa amechuchumaa anaosha viti vya plastiki, amenipa mgongo. Nikamwita kwa Mashi, lugha yetu, vile mama alivyokuwa akimwita tukiwa wadogo chakula kikiwa tayari. Brashi ilimdondoka. Hakugeuka mara moja. Kwanza alitazama kulia na kushoto, kama mwizi, kisha ndipo akanitazama mimi.

"Umekuja na nani?" Hilo ndilo neno la kwanza la kaka yangu baada ya miaka yote ile.

"Mimi peke."

"Nani alikuambia niko hapa?"

Nikamwonyesha picha. Aliishika kwa mikono yenye povu, akaitazama kwa muda mrefu, na mabega yake yakashuka. Hapo ndipo aliponikumbatia, akanilowesha yote, na tulilia wote wawili katikati ya viti vya watu.

Mambo yake yalikuwa haya. Njiani alikamatwa na watu wenye bunduki, wakambebesha mizigo yao porini, akatoroka akiwa ameumia mguu. Alipofika upande wa Uganda alisikia kwamba wawili miongoni mwao wameonekana kambini wakiuliza watu. Basi kambi akaiogopa kama moto. Akabadilisha jina, akaitwa Sam, akajificha kwenye harusi za watu, mahali ambapo anayebeba benchi hatazamwi na yeyote. Sisi alituhesabu tumebaki kule nyumbani, au tumekufa.

"Kama ungekuya na sura yangu," aliniambia, "kama ningesikia tu kuko mutu anaonyesha sura yangu mu soko, ningekimbia siku ile ile. Haungenipata tena."

Niliketi kwenye kiti kilicholowa. Nilihisi baridi ya hofu ya jambo lililokuwa karibu kutokea, kisha ikaniondoka, na nikashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Nilimkumbuka Hajati alivyonyamaza wakati namtukana. Nilimwambia Murhula kwamba kambini siku hizi hakuna tena anayeuliza watu, akakubali kuja. Jumapili iliyofuata mama hakumtaja kwenye wasafiri. Mchungaji alimsubiri, akamwangalia, na mama akaonyesha kwa kidole mtu aliyekaa pembeni yake. Ibada iliishia hapo, haikuwa na namna ya kuendelea.

Tulikwenda Nyamitanga sote watatu. Leo Hajati hayuko tena pale, wanawe walimchukua Kampala macho yalipoanza kumsumbua, na nyumba wamepangisha watu wengine. Siku hiyo ndiyo ya mwisho niliyokaa naye kwa raha. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na alikuwa ameandaa maneno ya shukrani njiani kote. Mlango ulipofunguliwa aliyaacha yote nje. Alivua viatu, akamshika Hajati mikono, na wakabaki wanatikisana tu, mmoja na mtandio mwingine na kilemba.

Hajati alimtazama Murhula juu mpaka chini.

"Mguu iko namna gani?"

Kaka akanigeukia. Nami sikuwa nimemwambia Hajati lolote kuhusu mguu. Alikuwa ameuona mwenyewe kwenye video, akimrudisha na kumpeleka.

"Umepona, mama," Murhula akajibu. "Wakati wa baridi tu njo unauma."

"Kale. Sasa mwenye uso amekuja," akasema Hajati, akavuta kiti. "Mimi nitoe?"

"Toa, mama. Toa hata mingi."

Aliwasha kompyuta, akafungua ile harusi, keki, mlango, benchi. Mama alijisogeza mpaka magoti yake yakagusa meza, na Hajati, mwenye kugombeza vidole vya watu, alimwacha. Murhula wa kwenye kioo aliweka benchi, akainuka, akapangusa jasho. Hajati alitaka kusimamisha, mama akamshika mkono.

"Kwanza tuone yote," akasema. "Mimi sijaona mbele ya hapo."

Nami sikuwa nimeona. Kwa fundi tulikuwa tumeishia kwenye vurugu, na siku ile kwa Hajati tulirudi nyuma tu. Basi video ikaendelea. Hotuba, zawadi, ng'ombe wakatajwa, muziki ukapigwa. Watu wakacheza mbele. Na nyuma kabisa, kwenye kona ambayo kamera iliipitia kwa bahati, alikuwepo Murhula na kiti cha plastiki kichwani, anacheza peke yake. Alikuwa anachezesha mabega vile tulivyokuwa tukicheza nyumbani, anazunguka, anamfanyia mzaha mpishi mmoja aliyesimama na sufuria, na alikuwa anacheka na meno yote.

Murhula aliyekuwa pamoja nasi alijifunika uso kwa aibu. "Mama, basi. Hajati, zima."

Mama hakumsikia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, naye anatabasamu.

"Mimi nilikuwa nasema huyu mutoto iko analala na njaa fasi fulani," alisema taratibu. "Kila siku ku chakula nilikuwa namulilia. Kumbe siku ingine alikuwa anacheka."

Hajati aliweka kidole juu ya kitufe. "Hapa iko vizuri sana," alisema kwa sauti ya chini. "Uso yote inaonekana. Nisimamishe, nyabo?"

"Hapana," mama akasema. "Wacha acheze."

Hajati akaondoa mkono kwenye kibodi, akauweka mapajani, na tukamtazama Murhula akicheza mpaka wimbo ulipoisha.